Usiku wa MTU KWAO

Mwaka 2012 nlikuwa kwenye kabanda ka stika na tisheti huku Mbagala, mimi ndo dogo wa kompyuta, na nlikuwa nimependa fonti moja nene ajabu, herufi zimeliwaliwa kama bango la ngumi lililopigwa jua na mvua ukutani, mipasuko, madoa madoa, kingo zimechubuka, yaani neno likikaa pale unalisikia kabla hujalisoma.

Akaja mwenye daladala, anataka kioo cha nyuma kiandikwe MTU KWAO, stika nyeupe, na gari linaingia barabarani alfajiri. Nikampangia kwenye Corel, ile programu ya kuchora kwenye kompyuta, akasema hiyohiyo.

Sasa plota, ile mashine ya stika, haichapi, inakata kwa kisu, na kisu kinafuata kila mstari. M ya kawaida ina kona chache tu, ile yangu ilikuwa na matobo mamia, na kila tobo ni kipande cha kukatwa afu kung'olewa kwa mkono. Mashine ikalia weee, vile vipande vidogo kama chenga za mchele vikaanza kunyanyuka na kisu, vinajikunja, stika inachanika. Saa sita usiku niko na kibano, nimemaliza M na T, macho yanauma, nikivuta kidoa kinakuja na ukingo wa herufi.

Nikamwamsha bro aliyekuwa ananifundisha kazi, kalala kwenye benchi. Akaangalia akasema, "Mdogo wangu, hii ni fonti ya wino, sio ya kisu."

Baadaye nlipokuja kusoma ndo nikamwelewa vizuri. Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827, mabango makubwa yakachapwa nazo, na mbao ikitumika miaka inapasuka, inachubuka, wino haushiki kote. Huo uchakavu ndo hizi fonti zinauiga.

Bro akaivunja ile herufi vipande vipande kwenye Corel kwa Ctrl+K, akafuta kila doa dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akaacha mipasuko mikubwa na kingo zilizoliwa. Nlidhani ameiua lakini alipoipunguza kwenye skrini ionekane kama iko mbali, bado ilikuwa ileile, kwa sababu vidoa vile mtu wa barabarani asingeviona kabisa. Plota ikakata fasta, tukabandika adhana ya alfajiri inaadhiniwa.

Wiki iliyofuata jamaa akarudi na tisheti za dereva na konda. Hapo ndo tukaiachia na madoa yake yote, tukachapa kwa fremu ya wavu, unapitisha wino juu yake, wino mweusi kwenye kitambaa cha njano, ikatoka kama imevaliwa miaka kumi. Namba ya simu tu chini ndo tuliiweka kwa fonti safi, manake kwa udogo ule wino ungeziba kila kitu na 8 ingesomeka 3.

Ile daladala niliiona tena nikiwa kituoni Mtoni kwa Aziz Ally, ipo mbali kwenye foleni, vumbi tele, na MTU KWAO nikaisoma kabla sijaona hata namba ya gari.