Picha za mfongo: nilivyotafuta mashindano nikiwa mwanafunzi Moshi

Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma upigaji picha nilikuwa na picha zaidi ya mia tatu za Mlima Kilimanjaro. Alfajiri kutoka stesheni ya reli, jioni kutoka Pasua, mlima umejifunika wingu, mlima uko wazi. Nilizipenda, na bado nazipenda. Lakini kila nilipofungua matokeo ya mashindano nilikuta mtu keshaupeleka mlima huohuo, tena kwa lenzi yenye bei ya bodaboda mpya.

Fedha ya kwanza niliyoitoa kwa ajili ya mashindano ilipotea. Ada ilikuwa dola 25, nikailipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Fedha hiyo ilitokana na picha za ubarikio nilizopiga mwezi wa Desemba. Watu wa Kilimanjaro mnaijua Desemba: ukoo mzima umerudi nyumbani, turubai kila ua, na mpiga picha anatakiwa asafishe picha siku hiyohiyo ili wageni waondoke nazo. Baada ya wiki mbili nikaletewa cheti. Mwenzangu wa darasani naye akaletewa, kinafanana na changu mpaka nukta. Kilichoniuma zaidi nilikikuta baadaye, nilipokaa kuyasoma masharti: nilikuwa nimewapa waandaaji ruhusa ya kuitumia picha yangu popote, milele, hata kuiuza, bila kunilipa senti. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayomlinda mpiga picha, na mimi nilikuwa nimeigawa haki yangu kwa kubonyeza kisanduku kimoja.

Tangu siku hiyo nasoma masharti kabla sijachagua picha. Naenda moja kwa moja kwenye sehemu ya haki, nikiangalia hasa kama wanazichukua hata picha zilizokosa ushindi. Mashindano ya heshima huomba kuitumia picha kutangaza mashindano yenyewe na maonyesho yake, jina lako likiwa chini yake, basi. Wakidai zaidi ya hapo nafunga ukurasa.

Nilipoanza kuchambua hivyo nikagundua kwamba baadhi ya mashindano makubwa hayatozi ada kabisa. World Press Photo, mashindano ya picha za habari yaliyoanza Uholanzi mwaka 1955, ni bure, na tangu mashindano ya 2022 Afrika imekuwa kanda inayojitegemea, kwa hiyo picha zilizopigwa barani kwetu hupimwa kwanza zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ni ya wapiga picha wa kazi, nikaiweka akiba ya miaka ijayo. Sony World Photography Awards ina kundi la wanafunzi. Wiki Loves Africa, inayokusanya picha za Wikipedia na kufanyika tangu 2014, haikuulizi una kamera gani, ila picha unaiachia leseni huria: yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi akutaje. Huko napeleka picha nilizokubali moyoni kuziachia, kama mikungu ya ndizi ya soko la Mbuyuni. Sura ya mtoto wa mtu sipeleki.

Nilikuwa bado sina mfululizo, na kundi la wanafunzi linataka picha zinazosimulia jambo moja mpaka liishe. Jambo lenyewe nililipata Kibosho, kwa bibi, nikiwa sijatoka kwenda kupiga picha. Zamu yetu ya maji ya mfongo ilikuwa usiku, bibi akanituma nikaangalie kama yamefika. Kwa msioijua, mifongo ni mifereji ambayo Wachagga waliichimba kwa mkono kuyatoa maji mitoni na kuyapeleka vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848 aliikuta. Maji yanakwenda kwa zamu, na mzee anayesimamia zamu tunamwita meku wa mfongo. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, tochi ameibana kwapani, anachomoa magome ya mgomba na mawe yaliyoziba njia ya kihamba chetu. Jiwe la mwisho lilipotoka, maji yaliingia na sauti kama ya mtu anayekunja gazeti.

"Shikamoo babu. Naomba nikupige picha."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlima hauko huku."

Nilipiga kwa lenzi ya milimita 50 niliyoifungua mwisho, ISO 3200, mkono umeegemezwa kwenye shina la mgomba ili usitikisike. Mwanga ulikuwa wa tochi yake peke yake. Niliporudi asubuhi nilimwonyesha, nikamweleza ninataka kuzipeleka wapi, akakubali nimfuate. Nilimfuata miezi minne.

Kuchagua kulikuwa kugumu kuliko kupiga. Kwenye kompyuta kila picha inajitetea. Nilisafisha hamsini kwa ukubwa mdogo pale studio ya karibu na stendi, nikazitandaza kitandani, dada yangu akawa anaondoa moja moja bila huruma. Zilibaki kumi. Aliondoa hata ile niliyoipenda kuliko zote, ya ukungu asubuhi, akasema hiyo ni ya kalenda. Alikuwa sahihi.

Katika hizo kumi ilikuwepo moja ambayo chupa ya plastiki imekwama kwenye nduwa, lile bwawa dogo la kukusanyia maji. Mimi nilikuwa nimeshaifuta chupa kwa Photoshop. Nilikuja kusoma kanuni za World Press Photo usiku mmoja: huruhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu, na picha zinazofika hatua za mwisho huombwa faili zake ghafi, yaani kama zilivyotoka kwenye kamera, kwa uhakiki. Nikarudi kwenye faili ghafi, nikaitoa picha upya chupa ikiwa palepale.

Maelezo ya picha niliyaandika kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikayatafsiri. Nikianza na Kiingereza najikuta naandika kama kipeperushi cha watalii. Nikazituma kwenye lile kundi la wanafunzi la Sony saa nane usiku, mtandao ukiwa umetulia. Kwenye orodha ya mwisho sikuingia.

Lakini kumi zilikuwa tayari. Kamera yangu ni Canon 1300D ya mtumba, megapikseli 18, na hesabu yake inakubali: pikseli 5184 kwa 3456 zinatosha karatasi ya A3 bila picha kuvunjika. Nikasafisha A3 kumi, nikazipeleka Kibosho siku ya mkutano wa mfongo, nikatundika kamba kati ya migrevilea miwili na kuzibana kwa vibanio vya nguo. Wazee walizunguka polepole, mikono nyuma. Walinisahihisha maelezo: jina la mfongo nilikuwa nimelikosea herufi, na jiwe nililoliita la mpaka kumbe ni la kupimia maji. Nilisahihisha hapohapo kwa kalamu. Kijana mmoja mwenye mgahawa wa kahawa mjini aliyekuja kumsalimia baba yake akaniomba zitundikwe kwake mwezi mzima, na mle ndani ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza isiyo ya sherehe: kupiga picha za mavuno ya kahawa kwa ajili ya chama cha wakulima.

Meku alisimama mbele ya ile ya nduwa muda mrefu kuliko zote.

"Hii chupa uliikuta, au uliiweka?"

"Niliikuta, babu."

Akaibandua picha kwenye kamba, akaenda nayo mbele ya mkutano, akaishika juu kwa mikono miwili kabla hajafungua ajenda ya kwanza.