Fuwele Inayokunywa Maji Ikasinyaa

Nikitaka kumwonyesha mtu kwamba muundo wa fuwele unaweza kubadilika bila kuvunjika, humtajia MIL-53, fuwele yenye vijia vidogo sana ndani yake, ambayo Christian Serre, Gérard Férey na wenzao waliieleza mwaka 2002 kutoka Versailles, Ufaransa. Imejengwa kwa minyororo ya kromiamu na oksijeni iliyounganishwa kwa molekuli za kikaboni ziitwazo tereftalati, na katikati yake hupita vijia virefu vyenye umbo la rombasi. Mfano wake ni geti la duka la vyuma vya kukunja: pembe hubadilika, vyuma vyenyewe hubaki vizima. Ikiwa kavu, kijia huwa na upana wa takriban nanomita 1.3, ikinywa maji hubana hadi karibu nanomita 0.8, na ujazo wa fuwele hupungua kwa takriban theluthi moja. Tumezoea vitu kuvimba vikilowa, hiki husinyaa.

Jinsi ya kuyaona hayo ndiko kunakonivutia zaidi. Unga mkavu wa fuwele hizo huwekwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo uliounganishwa na gesi, kisha eksirei hupitishwa huku kanieneo ikiongezwa kidogo kidogo. Kila mara hupatikana mchoro wa vilele vya eksirei zilizotawanywa na fuwele, na mahali pa kila kilele hutegemea umbali kati ya tabaka za atomi. Kaboni dayoksaidi inapoanza kuingia, huvutana na kuta za vijia kiasi cha kuzibana. Kanieneo ikifikia takriban baa 5 au 6, yaani karibu mara tano au sita ya kanieneo ya hewa, vijia hufunguka tena. Kama fuwele zingekuwa zinafunguka polepole, kilele kingehama taratibu. Lakini kilele cha umbo lililobana hufifia papo hapo kilipo, huku cha umbo wazi kikikua pembeni yake, na kwa muda vyote viwili huonekana pamoja, kwa maana kwamba baadhi ya fuwele zimekwisha kufunguka na nyingine bado.

Kupima kiasi cha gesi iliyonywewa peke yake hakuwezi kulibainisha hilo. Mwaka 2016 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walieleza DUT-49, fuwele nyingine ya aina hiyo, ambayo ikiwa kwenye gesi ya methani kwa kelvini 111 (karibu nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri) hufika mahali ikasinyaa ghafla na kutema sehemu ya gesi iliyokwisha kuinywa, ingawa kanieneo inapanda. Bila eksirei kupitishwa wakati uleule, nadhani wengi wetu tungeshuku mashine inavuja.