Fomu ya mtu kwenye bajia

Ilikuwa Ramadhani ya 2023, jioni, Mwembe Tayari hapa Mombasa imejaa watu wanunua futari, nami nikachukua bajia za dengu kwa mama mmoja ambaye hufungia karatasi yoyote alonayo, gazeti, daftari la shule, na siku hiyo fomu. Nafika nyumbani nafungua, mafuta yameshaingia lakini maandishi yasomeka: jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, kazi, mshahara, mdhamini, na nyuma yake fotokopi ya kitambulisho chenyewe na sura ya mama wa watu. Fomu ya mkopo ya kampuni moja ya hapa mjini.

Wallahi bajia zilinishinda.

Baada ya tarawehe nikapiga ile namba. Si rahisi, maana matapeli wa simu nao huanza hivo hivo, akutajia jina lako mpaka la babu. "Mwanangu, namba yangu umeitoa wapi?" Nikamwambia mama, niko na fomu yako ya mkopo, nimefungiwa bajia. Akanyamaza, kisha akasema, "Na huo mkopo wenyewe walininyima."

Hilo ndo liliniuma zaidi. Pesa wamemnyima, habari zake wamebaki nazo miaka, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yasema wazi kampuni isikae na habari za mtu kupita muda inaozihitaji, ukiisha iziharibu.

Kesho yake akavuka feri kutoka Likoni tukaenda pamoja. Mlangoni askari akatutolea kaunta buku, jina, kitambulisho, simu. Mama akamwambia, "Baba, jina nitakupa, hayo mengine hapana." Akatupisha.

Meneja alikuwa mpole sana, ati poleni, hizo faili ni za kitambo, tulihama ofisi na aliyesafisha stoo akauza karatasi kwa kilo. Akataka tumwachie fomu. Mama akaikunja akaitia kwa mkoba. Nikamuuliza meneja kama washamjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, afisa wa serikali anaesimamia sheria hiyo, maana kampuni ikijua habari za watu zimevuja na zaweza kuwadhuru ina saa 72 kuripoti, akasema atauliza makao makuu.

Sisi twaogopa mahaka, wezi wa kompyuta, twabadilisha pasiwadi kila mara, na kampuni nazo zanunua mitambo ya bei, lakini hizi habari hazikuibwa na mtu wa kompyuta, zilitoka mlango wa nyuma ndani ya gunia. Na mtu akiwa na kitambulisho chako, sahihi yako na namba yako, kukuswapia laini, yaani kuihamisha namba yako kwenye kadi yake ya simu, si kazi kubwa tena, pesa zote za simu zaenda.

Tukarudi kwa mama wa bajia. Alishtuka, akatupa bunda lote lililobaki na hakutaka hata shilingi. Mama wa Likoni akakaa kwenye benchi azipekua moja moja, akakuta ya jirani yake wa mtaa, mwalimu, na picha ya mwanawe imebanwa na pini.

Malalamiko tukayaandika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 kuyamaliza. Mama alishikilia iandikwe kuwa hataki kuombwa msamaha peke yake, kampuni iwatafute wote waliokuwa kwenye lile gunia, pamoja na wale ambao fomu zao zilishatoka na bajia.