Ukuta niliubomoa, nyuma yake hapakuwa na kitu

Walioniambia "weka hii programu, inaruka dodoso zote" leo wanisome vizuri.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Akaniomba nimtafutie mitihani ya nyuma ya Baiolojia, yenye majibu. Nikaikuta: PDF moja, miaka kumi yote. Kubonyeza kupakua, likatokea boksi: jaza dodoso kwanza, tujue wewe si roboti. Dodoso la kwanza likazaa la pili, la tatu likataka namba ya simu. Hapo nikagoma.

Nikahamia kwenye kompyuta, na hapa mniache nijisifu kidogo. Niliingia kwenye msimbo wa ukurasa, nikausaka ule ukuta wa dodoso mstari kwa mstari, nikaufuta. Ukadondoka! Ukungu uliofunika maandishi nao nikaufuta. Nikamwita mpwa aje amwone mjomba wake anavyopasua mitambo. Tukakodoa macho: picha moja tu ya ukurasa wa kwanza, tena wa Jiografia. PDF hakuna, kiungo chake hakuna. Mwenye tovuti analipwa kwa kila dodoso linalojazwa, sasa faili la kazi gani?

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikawasikiliza jamaa wa kijiweni, nikaweka APK yao (faili la programu lisilotoka duka rasmi) kwenye simu. Ikaomba ruhusa ya kusoma na kutuma SMS, nikaipa. (Kuruka dodoso, SMS za nini? Swali hilo lilinijia kesho yake.) Asubuhi vocha ya kama elfu tano imekwenda, nimeungwa huduma ya nyota na ya vidokezo vya mapenzi. Na mimi nina mke! Programu yenyewe haifutiki, mpaka nilipoivua kwanza mamlaka ya usimamizi kwenye mipangilio ya usalama. Zile huduma nilipiga 100, huduma kwa wateja, wakanitoa. Laini nikaihamishia kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, nikabadilisha namba ya siri ya pesa papo hapo.

Kumbe vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na NECTA, Baraza la Mitihani, wanaweka kwenye tovuti yao uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, wapi walichemka. Kwangu huo ni bora kuliko majibu ya kukariri.

Mitihani yenyewe? Mpwa alikwenda steshenari iliyo jirani na shule yao, akatoa kopi, akanirudishia na chenji.