Kitufe cha Kurudi na Rejesho la Mweka Hazina

Mwaka 2018 nilikuwa miongoni mwa waandaaji wa programu ya simu iliyokusudiwa kuwawezesha wanachama wa vikoba kununua hisa na kulipa marejesho ya mikopo, na kabla haijasambazwa nilitumwa Morogoro kuwatazama wanachama wakiitumia. Ofisini tulikuwa tumebishana sana juu ya kitufe cha kurudi. Mwenzangu aliyeandika sehemu ya malipo alikuwa amekizima kabisa kwenye skrini ya risiti, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: Android huzirundika skrini kama sahani, iliyofunguliwa mwisho ikiwa juu, na kitufe hicho huiondoa ya juu na kuifunua iliyo chini yake. Aliyekwisha kulipa angerudi kwenye skrini ya kuthibitisha, kiasi kikiwa bado kimejazwa, na angeweza kulipa mara ya pili.

Mweka hazina wa kikundi, mama wa makamo, alilipa rejesho lake bila shida yoyote. Kisha akabonyeza kitufe cha kurudi, akabonyeza tena kwa nguvu, akanigeukia.

"Mwanangu, simu imeganda."

Nilimwomba afanye ambavyo angefanya kama nisingekuwapo, naye akachomoa betri. Simu ilipowaka hakuiona risiti tena, na kwa kuwa hakujua kama fedha zimekwenda, alianza kulipa upya; nilimzuia alipofika kwenye kuthibitisha. Hatari iliyofanya kitufe kizimwe ilikuwa imetokea kwa sababu ya kuzimwa kwake.

"Mama, ulitaka kurudi wapi?" nilimuuliza.

"Mwanzo, nikaangalie deni limebaki kiasi gani."

Jibu hilo lilitosha kumaliza ubishi wetu, kwa sababu mama yule hakuwa akihesabu skrini alizopitia. Kwake malipo yalikuwa yamekwisha, na kilichobaki nyuma yake ni ukurasa wa mwanzo tu. Niliporudi ofisini tulikiacha kitufe kifanye kazi yake ya kawaida, tukabadilisha rundo lenyewe: malipo yakikubaliwa, fomu na skrini ya uthibitisho huondolewa, na risiti hukaa moja kwa moja juu ya ukurasa wa mwanzo. Kwenye seva, kila ombi la malipo lilipewa namba yake ya pekee, ili likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja, kwa maana mtandao nao hukatika bila kumngoja mtu abonyeze chochote.

Mwaka 2022 Android 13 ilileta utaratibu ambao programu huuarifu mfumo mapema iwapo itakishughulikia kitufe cha kurudi yenyewe. Wengi niliowafahamu walilazimika kupekua kila skrini ya programu zao, ilhali sisi tulikuwa na moja tu ya kurekebisha: fomu ya kuomba mkopo, ambayo humuuliza mwanachama kama anataka kuyahifadhi aliyokwisha kuyajaza kabla hajaondoka.