Waya Mmoja wa Ethi

Karakana ilikuwa nje kidogo ya Chicago, mji uliozaa kampuni kubwa za pinboli, mashine za mchezo wa kupiga mpira wa chuma kwenye meza yenye mteremko: Gottlieb, Bally, Williams. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeanza ufundi tangu enzi za rilei, swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, kabla bodi za elektroniki hazijaingia kwenye mashine hizi. Mimi nilijifunza kulehemu kwa fundi redio kule Tanga kabla sijahamia Marekani, na mzee alinipokea bila kuniuliza cheti.

Kanuni yake ilikuwa moja: kilichotoka kiwandani ndicho kinachorudi. Na alikuwa na sababu. Pembeni ya ukuta tulikuwa na mashine ya kabla ya 1947, mwaka ambao Gottlieb walitoa Humpty Dumpty, pinboli ya kwanza yenye flipa za umeme, yaani vijiti ambavyo mchezaji hupigia mpira kwa kubonyeza kitufe. Baada ya hapo, wenye mashine za zamani waliogopa kukimbiwa na wateja, wakatoboa mbao na kupachika flipa ambazo mbunifu hakuziwaza. Ile yetu ilikuwa mojawapo. Mzee alipitisha kidole kwenye matundu yaliyotobolewa katikati ya picha za rangi, akatikisa kichwa. "Huyu hakutengeneza," aliniambia. "Huyu amegeuza mchezo." Hapo nilikubaliana naye kabisa, na mpaka leo nakubaliana naye.

Ubishi uliletwa na mashine ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bwana mmoja aliileta ikinuka moshi. Koili moja, yaani waya uliozungushwa ambao ukipata umeme hugeuka sumaku na kusukuma chuma, ilikuwa imeungua, karatasi yake ya nje nyeusi tii, na bomba la plastiki lililo ndani limeyeyuka likang'ang'ania chuma kinachopiga. Fundi mwingine alikuwa ameshabadilisha koili hiyohiyo pamoja na transista yake, swichi ya elektroniki inayoiwasha, sawasawa na mchoro wa kiwanda. Ikaungua tena.

Koili ya aina ile haikuundwa iwake mfululizo. Inapata umeme kufumba na kufumbua, inasukuma, inaachia. Ikibaki imewaka, inajiunguza.

Nilichomoa bodi nikatazama ukingo wake. Ethi ya bodi inayoendesha koili, yaani njia ya umeme kurudi inayohesabiwa kuwa sifuri, ilipita kwenye vidole vichache vyembamba vya shaba, vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye konekta. Miaka ilikuwa imevitia weusi, na vibanio vya konekta vimelegea. Nikairudisha, nikaweka mita kati ya ethi ya bodi na fremu ya chuma, mahali panapotakiwa kusoma sifuri. Nikigusa konekta, namba inapanda, inashuka, inapanda tena. Bodi ikipoteza ethi, chipsi zake hazijui tena sifuri iko wapi; transista inafunguka bila kuamriwa, na koili inawaka isizimike.

Nikasema tuongeze waya mmoja mnene, kutoka ethi ya bodi mpaka kwenye fremu, usipite kwenye konekta. Yule bwana akakataa katakata: hataki hata uzi ambao haukutoka kiwandani. Mzee akamuunga mkono. "Sisi ni mafundi, si wabunifu."

"Mzee wangu," nikamwambia, "kampuni zenyewe zilikuwa zikiwatumia mafundi nyaraka baada ya mashine kuuzwa. Ongeza dayodi hapa, kata njia pale, unganisha waya huku. Kabati lako limejaa nyaraka hizo. Wao hawakuufanya mchoro kuwa msahafu. Mbunifu alitaka koili isukume na kuachia. Tukiiacha iungue mara ya tatu, tutakuwa tumetii karatasi na kumwasi aliyeichora."

Hakunijibu. Alikwenda kabatini, akatoa faili moja lililokunjika kingo, akalisoma amesimama kwa muda mrefu. Aliporudi alisema maneno machache: nisikate kitu, nisitoboe kitu, na niandike nilichofanya.

Ndivyo nilivyofanya. Upande wa fremu niliubana waya chini ya skrubu iliyokuwapo tangu mwanzo. Ndani ya kabati la mashine nikabandika karatasi inayoeleza waya unaanzia wapi, unaishia wapi, na namna ya kuutoa bila kuacha alama.

Mashine ilipowaka, yule bwana alicheza kidogo akalalamika kuwa flipa hazina nguvu, mpira haufiki juu. Akaomba tumfungie koili kali zaidi. Nikakataa, na safari hii mzee alikuwa upande wangu. Nguvu ya flipa ndiyo mchezo wenyewe. Mbunifu alipanga kila njia ya mpira kwa kufuata nguvu ile. Nilifungua flipa nikakuta swichi yake ya mwisho wa mwendo ina masizi kwenye ncha, kwa hiyo koili haikupata umeme wake kamili. Nikazipitishia tupa, nikabadilisha bomba na kiungo kilicholika, koili nikaiacha ileile ya kiwanda. Mpira ukapanda mpaka juu.

Mzee alimtajia yule bwana bei. Kisha akanigeukia akauliza kama ule waya mnene umebaki, maana nyuma ya ghala kulikuwa na mashine nyingine za aina ileile.