Shangazi Alidhani Tunazamia Meli

Nilipomwambia shangazi yangu wa Tandika kwamba mwezi wa kumi naenda Misri kuzamia, aliacha kupeta mchele akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. "Mwanangu, kazi unayo, mke unaye, watoto wanasoma. Unazamia ukatafute nini kwa watu?"

Kosa lilikuwa langu. Mjini kwetu mzamiaji ni kijana aliyejibanza kwenye shehena bandarini usiku, akiomba Mungu siku atakayochomoza nje aone Ugiriki. Nikajirekebisha: kupiga mbizi, shangazi, mtungi wa hewa mgongoni, tunashuka tunaangalia vilivyo chini, tunapanda. Akarudi kwenye ungo wake. "Na bahari yote hii ya hapa imewakosea nini?"

Haijatukosea kitu. Mnemba kuna kasa, Mafia kuna potwe katika msimu wake, Pemba kuna kuta za matumbawe zinazoshuka hadi macho yanashindwa. Lakini mimi nilikuwa na meli moja kichwani kwa miaka. Inaitwa Thistlegorm. Ni meli ya mizigo ya Waingereza iliyoundwa Sunderland mwaka 1940, ikatoka Glasgow mwaka 1941 na shehena ya vita kwenda Aleksandria. Kwa kuwa Bahari ya Mediterania haikupitika, ilizunguka Afrika nzima, ikapita Cape Town, ikakata Bahari ya Hindi hii hii yetu hadi Bahari ya Shamu. Pale ikatia nanga kusubiri zamu ya kupita Mfereji wa Suez. Usiku wa tarehe 6 Oktoba ndege za Wajerumani zikaikuta. Watu tisa walikufa. Mzigo uko chini mpaka leo, kwenye mita 30 hivi za maji.

Tulianza watu watatu, tukafika wanane, wengi wa Dar, wawili wa Unguja. Nikachaguliwa kuongoza kwa sababu ileile inayomfanya mtu achaguliwe kijumbe wa mchezo wa upatu: nilikuwa mwepesi wa kujibu simu. Na kweli tuliuendesha kama upatu, isipokuwa hakuna aliyepokea. Kila mtu shilingi 350,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, kwa simu, na kila tarehe 5 natuma orodha ya waliolipa. Majina ya wasiolipa sikuyaandika. Kukosekana kwenye orodha kulitosha.

Kituo cha mbizi cha kule kilitupa masharti ya kawaida: malipo ya awali ambayo hayarudi, na kwa kundi la wanane mtu mmoja hapigiwi hesabu ya mbizi. Kwa desturi nafasi hiyo ya bure ni ya kiongozi. Niliitamani, sitasema uongo. Lakini niliona jinsi dada mmoja wa benki alivyoninyamazia nilipoitaja, nikaamua iingie kwenye mfuko wa pamoja. Ndiyo iliyokuja kulipa teksi zote na dawa ya masikio ya watu watatu.

Fedha ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kujua nani anajua kupiga mbizi kweli. Mtu mzima humwulizi "unajua kuogelea?" bila kumwudhi. Muuza vipuri vya pikipiki wa Kariakoo, kaka yetu mkubwa, mcheshi, mlipaji wa kwanza kila mwezi, alitwambia ana mbizi sitini na kadi ya daraja la pili, ile inayomruhusu mtu kwenda mita 30. Nikaomba kila mmoja apige picha kadi yake na kurasa za mwisho za daftari la mbizi. Saba walituma siku hiyohiyo. Yake ilikuja baada ya wiki mbili: daraja la kwanza, mwisho mita 18, na mbizi ya mwisho miaka minne nyuma.

Nilimfuata dukani. Sikutaka kuandika jambo lile mahali wenzake wangeliona. Alikuwa anamfungia mteja cheni ya bodaboda kwenye gazeti. Nikamweleza kwamba kwa kadi ile kule atabaki juu ya boti akitulindia viatu. Akasema bahari ni ileile. Nikasema, kaka, bahari ni ileile ila mapafu si yaleyale. Akafunga kamba, akapokea hela, akahesabu chenji, ndipo akaniuliza kozi ni bei gani.

Alienda bwawani kwanza kukumbushwa, kisha Unguja wikiendi mbili kumaliza mbizi tano za daraja la pili. Alilipa mwenyewe na hakulalamika, jambo lililoniogopesha kidogo.

Ilikuwepo pia fomu ya afya. Ukijibu "ndiyo" kwenye swali moja tu, presha, pumu, upasuaji wa sikio, daktari lazima asaini kabla hujagusa maji. Mzee wetu wa bandarini, miaka 57, anameza vidonge vya presha, na alitaka kujibu "hapana" ili asisumbuke. Tukamsumbua. Wa nane wetu wa awali alijitoa wiki sita kabla, harusi ya mdogo wake, malipo ya awali yakaelea, mpaka tukampata mwalimu mmoja wa Mombasa aliyeichukua nafasi kama ilivyo. Viza tuliomba ubalozini mapema. Bima ya mbizi kila mtu yake, ile inayolipia chemba ya shinikizo, chumba cha kumtibia mpiga mbizi aliyedhurika na kina, maana bima ya kawaida ya safari mara nyingi huishia unapoingia majini.

Safari yenyewe ilikuwa usiku mmoja wa ndege hadi Kairo, saa nyingi za kusinzia juu ya viti vya chuma, kisha saa moja hadi Sharm el-Sheikh. Kutoka juu unaona milima ya Sinai, mikavu kabisa, haina hata mti wa kumtilia mbuzi kivuli, halafu ghafla buluu. Dada wa benki alisema kana kwamba mtu alisahau kupaka rangi nchi kavu.

Asubuhi ya kwanza kituo kilitupeleka mbizi ya kujaribu, karibu na pwani. Nilidhani ni kutupotezea muda. Kwetu navaa suti nyembamba ya milimita 3 na mkanda wa vipande vya risasi wa kilo 6 kiunoni, nashuka kama nanga. Pale nilitoa hewa yote kwenye koti la kuelea, nikatoa na ya mapafuni, nikabaki naelea kama kifuu. Maji ya Bahari ya Shamu yana chumvi nyingi kuliko yetu, gramu 40 hivi kwa kila kilo moja ya maji ambapo sisi tumezoea kama 35, na suti ya kule ni nene, milimita 5, nayo inaelea yenyewe. Kiongozi wetu akaniwekea vipande viwili zaidi, kilo moja kila kimoja. Wote tuliongeza. Mzee wa bandarini aliongeza tatu akasema mwaka huu ameongezeka thamani.

Nahodha wa boti wanamwita *rayyis*, yaani rais, kwa hiyo wiki nzima tuliendeshwa na rais. Alikuwa na sharubu nyeupe na hakujua Kiingereza. Kila tukipanda botini alituhesabu kwa kidole: *wahid, itnein, talata, arbaa, khamsa*, hapo sote tunamtazama tu, halafu *sitta, sabaa*, na tunaanza kucheka, maana hizo ni sita na saba zetu. Wa nane tunampoteza tena, *tamanya*. Mara ya tatu akaelewa tunachochekea, akawa anafika *sitta* anapaza sauti ili sisi tuitikie "sita!"

Siku ya Thistlegorm tuliondoka saa kumi alfajiri, watu wamejifunika taulo, mkate wa moto na maharage ya *ful* kwenye sahani za bati. Mwendo wa saa tatu na ushee. Tulipofika jua lilikuwa limepanda, na juu ya maji hakuna cha kuona ila boti nyingine tano zimefungwa palepale, zikicheza na mawimbi.

Mkondo ulikuwa na nguvu. Ukiachia kamba, unaenda. Kwa hiyo unashuka mkono juu ya mkono, miguu inapepea nyuma kama bendera, na unazibua masikio kwa mkono uliobaki. Kwenye mita kumi sikuona kitu. Kwenye kumi na tano, kivuli. Halafu sitaha nzima ikatokea chini yangu, pana kuliko nilivyodhani, imeota matumbawe laini, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanatoka na kuingia madirishani. Upande wa tezi, pale baruti zilipolipuka, chuma kimekunjuka kama kopo la maziwa. Pembeni, kwenye mchanga, limelala garimoshi. Meli ilibeba mawili, ya reli ya Misri.

Tuligawanyika wawili wawili, kundi moja watatu. Kaka wa vipuri nilimpa kiongozi wetu Mmisri awe mwenzake, maana ndiye mpya kuliko wote kwenye kina hicho. Mimi nilikuwa na mwalimu wa Mombasa. Mbizi ya kwanza tulizunguka nje. Ya pili, baada ya kupumzika na chai, tuliingia kwenye ngama. Tochi ikaangukia malori yamepangwa, na juu ya malori pikipiki, safu kwa safu, usukani umegeukia upande mmoja zote kama zimesikia mtu akiita. Rundo la buti za mpira. Bunduki zimegandamana, huwezi kujua moja inaishia wapi. Mwalimu alinigusa bega akaonyesha saa yake. Dakika zetu zilikuwa zimekwisha.

Tulipanda kwa kamba, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 ili mwili utoe naitrojeni taratibu, tukatoka. Nilikuwa bado navua mapezi niliposikia rais anahesabu. *Khamsa. Sitta.* Akasimama kidogo. *Sabaa.* Akanyamaza.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji tafsiri. Dada wa benki alikuwa anakamua nywele, akaacha. Rais alienda omo, akalala kifudifudi, akatazama chini ya boti. Niliangalia saa. Niliwaza lile duka, gazeti, cheni. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyemshawishi alipie kozi wakati ningeweza kumwacha abaki nyumbani.

Rais akainua mkono, vidole viwili, bila kugeuka. Mapovu. Mafungu mawili, yanatoka taratibu palepale kwenye kamba. Walikuwa mita 5, wamesimama tu. Kompyuta ya mbizi ya kaka, ile inayovaliwa mkononi kama saa, ilikuwa imemwongezea dakika za kusimama kwa sababu alikaa chini zaidi yetu, naye akazitii zote, moja baada ya moja, huku kiongozi amemshika mkanda. Alipotoa kipumulio mdomoni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Zile pikipiki ni BSA." La pili, "Tairi bado zipo! Tairi!"

*Tamanya*, rais akasema.

Siku ya mwisho ilikuwa Ras Mohammed, hifadhi ya taifa tangu 1983. Mbizi ya asubuhi ilikuwa nzuri. Ya mchana ndiyo kila mtu aliingoja: mwamba wa Yolanda, meli iliyogonga pale mwaka 1980 na shehena ya vifaa vya choo, na mabakuli yake mpaka leo yamelala mchangani. Nikiwa nafunga mtungi, mwalimu wa Mombasa akaniuliza ndege yetu ni saa ngapi.

Saa kumi na mbili asubuhi.

Akahesabu kwa vidole, mimi nikahesabu naye. Tungetoka majini saa tisa alasiri. Hadi kuruka ni saa kumi na tano. Baada ya siku kadhaa za mbizi unatakiwa ukae nchi kavu saa kumi na nane angalau, kwa sababu naitrojeni bado imo mwilini na hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, mapovu yanaweza kuanza kwenye damu kama soda iliyofunguliwa. Mimi ndiye niliyekata tiketi. Miezi kumi nakagua kadi za watu na presha za watu, na hesabu ya kutoa niliikosea mwenyewe.

Tulikaa juu ya boti wote wanane, suti zimetundikwa, tukiwatazama Wajerumani wa boti ya jirani wakiruka mmoja mmoja. Hakuna aliyenisemesha kwa muda. Kisha kaka wa vipuri akasema, kwa upole kabisa, "Kijumbe, umetunyima vyoo."

Jioni waliniongoza mpaka mgahawa wa pwani wakaagiza chai ya nanaa na basbusa, mara mbili kila mtu. Bili ilipoletwa, yule dada wa benki aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikafika mbele yangu.